Sahani Zinazozunguka na Malewa Yetu

(Mazungumzo ya mufanyakazi wetu wa vijijini kwenye mukutano mukubwa wa wanachama, Baraka. Tumeyaandika karibu sawa vile alivyoyasema.)



Mulinipa dakika makumi mbili juu ya safari ya Japani. Ripoti yenyewe iko kwa sekretere, kila mutu anaweza kuisoma. Mambo ya mafunzo, namna vikundi vya wavuvi wa kule vinakamata hesabu na kugawanya feza, nitayaeleza kwa komite juma ijayo, juu ni marefu na yanaomba kalamu na karatasi. Leo nitazungumuza juu ya chakula kimoja tu nilichokula kule Yokohama. Kilikuwa chakula kibaya. Nakileta hapa juu kinagusa jambo la tatu la mukutano wetu, ni kusema malewa ya wamama.

Munajua vile jambo linasimama. Malewa yetu iko na wamama saba. Wale waliokuja kupima kazi yetu mwaka huu waliandika kwamba saba ni wengi, wabakie wane. Wanashauri tununue friji ya kioo, tuweke meza ndefu, chakula kipangwe juu yake, kila mutu ajichukulie mwenyewe, kisha alipe kwa mutu mumoja kwenye mulango. Gharama itapungua, kazi itaenda mbio. Wafadhili hawakutulazimisha, niliseme wazi mbele yao. Walituambia tufikiri kwanza. Basi mimi nilifikiri, na sehemu moja ya kufikiri niliifanya nikiwa nakaa mbele ya mukanda wa sahani.

Mbele ya yote, kitu kimoja, juu toka asubui nasikia wamama wanacheka kule nyuma. Ndiyo, samaki ni mubichi. Hapikwi, hachomwi. (Kicheko.) Wanakata kipande, wanakiweka juu ya kidonge kidogo cha wali uliotiwa siki, sukari na chumvi. Njo sushi hiyo. Ubichi haukunisumbua, na si ubichi ulioharibisha chakula kile. Siku tatu mbele tulikuwa tumeshakula sushi kwa muzee mumoja, restora ndogo ya viti nane, na tulishiba kwa furaha. Yule muzee alikuwa anasimama mbele yetu, anakata, anatengeneza, anaweka. Wali wake ulikuwa na joto kidogo, sawa na joto la mukono. Aliona mwenzetu mumoja wa Madagascar anatokwa na machozi juu ya ile pilipili yao ya kijani, wasabi, na bila kuulizwa akaiondoa kwenye vipande vyake vilivyobakia. Hatukuwa na luga moja na yeye hata neno. Lakini alituona.

Kisha njo tukaenda kwenye restora ya mukanda. Tulikuwa watatu: mimi, yule wa Madagascar, na mumoja wa Mauritania. Tulikuwa na hamu kubwa, juu kila mutu aliyetembea Japani anasimulia juu ya sahani zinazopita mbele ya macho, unachagua unayopenda, unanyosha mukono, unakula. Sitataja jina la restora. Iko kwenye jengo karibu na gari la moshi, na iko nyingi sawa na ile.

Kwenye mulango hakuna mutu. Kuko kioo cha komputa, unakigusa, kinakutolea karatasi iko na namba. Tulingojea karibu dakika makumi ine, tukikaa pamoja na familia zenye watoto. Namba yetu ikaitwa na mashini. Mashini ikatuonyesha viti. Tulikaa tukiangalia mukanda, mabega yakigusana, na kila mumoja wetu akitazama mbele, sawa watoto wa masomo. Mbele ya kila kiti kuko robine ndogo ya maji moto. Sisi watu wa huku tukiona robine mbele ya chakula, tunajua ni ya kunawa mikono. Mwenzetu wa Mauritania akanyosha vidole, na muzee mumoja Mujapani aliyekaa pembeni akamukamata mukono haraka sana. Yale maji ni ya chai, yanachemuka. Unatia unga wa chai ndani ya kikombe, unajitilia mwenyewe. Yule muzee njo mutu peke aliyetusemesha magaribi yote, na hakuwa mufanyakazi wa pale.

Sasa mukanda. Ulikuwa unatembea, kweli. Lakini juu yake hakukuwa samaki. Kulikuwa picha za samaki: vikaratasi vimesimamishwa juu ya sahani, na sahani zingine ziko na chakula cha plastiki cha kuonyesha. Zinapita, zinarudi, zinapita tena. Ukitaka kula, unagusa tablete, unahesabu vipande, kisha sahani yako inakuja mbio juu ya mukanda wa pili, inasimama mbele yako na kulia kidogo. Tulikuwa tumetoka mbali kuona chakula kinazunguka, tukaona matangazo yanazunguka.

Chakula chenyewe: wali ulikuwa baridi na mugumu, umefinyangwa na mashini. Si siri hiyo, mashini za kufinyanga sushi zilianza Japani toka 1981. Jodari alikuwa na barafu katikati, jino langu lilisikia vizuri. Salmoni alikuwa na mafuta, alipita. Yayi lilikuwa na sukari sawa mandazi. Kisha ikafika sahani ya pweza. Mwenzetu wa Mauritania akasimama, akasema kwa Kifaransa kwamba huyu anaweza kuwa wetu, juu Mauritania inauzisha pweza mwingi sana Japani, na yeye anafanya kazi na wavuvi wa pweza. Kwao watu hawana desturi ya kumula. Alikuwa hajamuonja hata siku moja. Akamutia mukinywa, akatafuna, akatafuna, tukamungojea, akaendelea kutafuna. Mwisho akasema: "Sasa najua sababu gani tunamuuzisha." (Kicheko.)

Lakini kilichonisumbua zaidi ni hiki. Sisi watu wa Tanganyika tunajua samaki. Mama yangu hawezi kununua mukeke bila kufungua shavu lake aone wekundu, bila kuangalia jicho kama limezama. Pale huoni kichwa, huoni jicho, huoni aliyekata. Hakuna wa kuuliza "leo nini iko muzuri?" Nilitafuta kwenye tablete, iko na picha zaidi ya mia, na picha zote ni nzuri sawasawa. Sahani saba zilinilipisha yeni 1.430, karibu dola tisa na nusu. Mwisho alikuja kijana, akapitisha kamashini pembeni ya rundo la sahani zetu, ikahesabu, akainama kwa heshima, akaenda. Hakuuliza kama tumeshiba. Sijui kama angekuwa na nafasi ya kuuliza, juu niliona vijana watatu tu kwa viti zaidi ya mia.

Tulipotoka yule wa Madagascar akasema anataka bukari. Haiko na jina hilo kwao, lakini nilimuelewa.

Nilirudi nikasoma juu ya ile mashini, juu nilitaka kujua nani aliifikiri na sababu gani. Na niwaambie kweli, yule mutu ninamuheshimia. Aliitwa Yoshiaki Shiraishi. Alikuwa na restora ndogo upande wa Osaka, karibu na viwanda, wateja wake ni wafanyakazi wasio na feza nyingi. Sushi wakati ule ilikuwa chakula cha bei kali. Yeye alitaka kuwauzishia bei chini, lakini alikosa watu wa kazi, na peke yake hakuweza kuwahudumia wote. Siku moja alitembelea kiwanda cha bia cha Asahi, akaona chupa zinatembea juu ya mukanda. Akasema: na sahani je? Ilimukamata miaka. Shida kubwa ilikuwa kona, juu mukanda wa kawaida haugeuki kwenye nafasi ndogo. Akatengeneza vipande vyenye umbo la mwezi mudogo, vinapandana vikigeuka. Kisha mwendo: ukienda mbio chakula kinakauka na watu hawashiki, ukienda polepole wanachoka kungojea. Akapata sentimeta 8 kwa sekunde. Restora yake ya mukanda ikafunguliwa mwaka 1958. Mwaka 1970, kwenye maonyesho makubwa ya dunia pale Osaka, watu wengi wakaiona na ikasambaa.

Sikilizeni vizuri sehemu hii, wafadhili wetu musikie pia. Shiraishi hakutengeneza mukanda juu watu wa kazi ni wabaya au ni wengi. Aliutengeneza juu hakuwapata. Mashini ilijaza pengo lililokuwepo. Sisi Baraka tuko na pengo gani? Friji ya kioo tunakosa, ni kweli, na umeme wa kuiwasha tunakosa pia, tutanunua mazutu kila siku ili ndakala wakae baridi kwa mutu anayetaka ndakala wa moto. Lakini watu wa kazi? Nenda leo kwenye kivuko asubui, hesabu wamama wanaongojea mitumbwi bila kujua kama watapata kilo moja ya kuuzisha. Tunataka kununua dawa ya ugonjwa wa mutu mwingine.

Na Shiraishi mwenyewe hakuishia pale. Kisha mukanda alijaribu robo ya kupeleka sushi kwa wateja. Haikusimama kama biashara.

Kuko jambo lingine, la juzi. Mwanzo wa 2023, kule Japani kijana mumoja alipigwa video kwenye restora ya mukanda, analamba chupa ya mchuzi, analamba kidole na kugusa sushi inayopita. Video ikazunguka inchi yote. Watu wakaogopa, thamani ya kampuni ile kwenye soko la hisa ikaanguka, kampuni ikapeleka mambo kwenye sheria. Makampuni mengi yakaacha kuzungusha samaki wazi, ingine ikaweka kamera juu ya mukanda. Njo maana sisi tulikuta picha. Walikuwa na mashini nzuri sana za kulinda chakula: kampuni moja kubwa ilikuwa na chipu chini ya kila sahani, sahani ikizunguka meta 350 bila kuchukuliwa ilikuwa inatupwa yenyewe. Hesabu safi kabisa. Lakini chipu haikuona ulimi wa yule kijana. Wamama saba wangeuona, na munajua Mama anayekamata sufuria ya sombe angefanya nini na ule mwiko. (Kicheko.)

Sasa nataka kugusa jambo ambalo si la feza, na nitalipitisha haraka juu watu wengine humu ndani linawauma. Wengi wetu tulikula chakula cha mustari. Lugufu, Nyarugusu, tunajua. Unasimama na karte, unafika kwa mwenye kipimo, anamwaga unga, maharage, mafuta, chumvi, anapiga alama, ufuate. Ile chakula ilituokoa, sitaisema vibaya, mimi nilikulia juu yake. Lakini hakuna mutu aliyekuuliza unapenda nini. Toka meli za 2005 kutoka Kigoma mpaka leo, tumejenga upya nyumba, mashamba, masomo. Na tumejenga malewa, mafasi ambapo mutu aliyerudi anakaa kwenye kiti, mama anamuuliza, "Papa, ukubali na pilipili? Mukeke wa leo ni mudogo, nikuongezee sombe?" Kuko wazee wasio na muke wala mutoto wanaokuja pale si juu ya ndakala tu. Wale waliotupima walikaa malewa siku moja, nafikiri hawakuweza kuyaona haya. Kwenye karatasi yao wameandika "muda wa mazungumzo na wateja" upande wa hasara.

Nitawapa haki yao pia. Walisema watu wanangojea sana saa sita. Ni kweli. Nilikaa pale siku tatu za soko na kuandika. Siku ya kwanza nilihesabu watu kumi na nane, wengi shoferi wa fuso na wamotari, waliangalia, wakangojea, wakaenda kula upande mwingine. Hiyo ni feza yetu inatembea. Lakini niliangalia pia sababu. Hakuna mama aliyekuwa anakaa bure juu ya uvivu. Walikuwa wanangojea moto. Tuko na mbabula tatu na sufuria moja kubwa ya bukari. Ikiisha, wote wanasimama mpaka bukari ingine iive. Ukiondoa wamama watatu na kuacha mbabula tatu, watu watangojea vilevile, ila watangojea mbele ya meza ya kioo. Tunahitaji mbabula mbili za udongo zaidi na sufuria ya pili. Vijana wetu wanajua kutengeneza mbabula zisizokula makala mengi, walifundishwa na chama hiki hiki.

Kitu kimoja nimekileta kutoka kwenye ule mukanda, na hiki nataka tukichukue. Zamani zile restora ziliweka bei kwa rangi ya sahani, na zingine zinafanya hivyo mpaka leo. Rangi moja bei moja, rangi ingine bei ingine. Ukimaliza kula, hakuna mabishano: wanahesabu sahani. Sisi tuko na mabishano kila magaribi. Feza ya kikapu haifanani na chakula kilichotoka, na wamama wanaangaliana vibaya, mutunza feza analala na kichwa kinauma. Mwezi uliopita tulikuwa karibu kupoteza mama mumoja muzuri juu ya neno la franga 20.000 ambalo hakuna aliyeweza kulionyesha.

Fikirini hivi. Sahani nyeupe, bukari na ndakala, franga 3.000. Sahani ya bluu, mukeke. Sahani nyekundu, kuku au mbuzi. Bei zinabakia zile zile. Mama anayeosha haoshi mbele ya kuhesabu: nyeupe ngapi, bluu ngapi, nyekundu ngapi, anatia mbegu za maharage ndani ya makopo matatu. Hahitaji kujua kusoma. Mama anayekamata feza hagusi makopo. Magaribi wanakutana mbele ya mutunza feza, makopo upande huu, kikapu upande huu. Lakini angalieni: hiyo inaomba anayepika, anayeosha na anayekamata feza wawe watu tofauti. Wakibakia wane, siku mumoja anagonjwa na mwingine ameenda kilio, mupishi njo muosha njo mukamata feza. Wafadhili wetu wanapenda hesabu safi, na wana haki. Hesabu safi inaomba mikono mingi kuliko wane.

Nimeuliza bei sokoni. Sahani makumi sita za plastiki ngumu, rangi tatu, na sufuria, na udongo na bati kwa mbabula mbili, yote pamoja haifiki robo ya bei ya friji ile iliyoandikwa kwenye ripoti, bila kuhesabu mazutu. Karatasi ya bei iko kwa mutunza feza, muulize yeye, mimi siyo mwenye kukamata hesabu ya chama.

Kwa hiyo ninaomba, kwa heshima ya komite na ya wafadhili, tusipigie kura friji leo. Tujaribu sahani za rangi na moto mpya miezi mitatu, na tusichague miezi ile ziwa linafungwa, juu hapo hesabu ya samaki haitaonyesha kitu. Nitakaa tena siku za soko na kuandika waliokula na walioenda. Kisha miezi mitatu tutaweka hesabu mbele ya wote, na kama wamama saba hawajilipi wenyewe, wamama wenyewe wameniambia watakuwa wa kwanza kusema nani atoke na atapewa kazi gani ingine ndani ya likirimba. Mama Prezida, walisema hivyo mbele yako pia.

Nimeleta sahani tatu za mufano, ziko kwenye meza ya mutunza feza pale karibu na dirisha. Mutu wa Kigoma aliniambia hazipasuki. Pitieni pale wakati wa kunywa chai, muzigonge chini, tuone.